Jina Juu ya Mlango

La kwanza niliandika mimi, mwaka wa hamsini na mbili,
kwa brashi ya manyoya ya kindi,
herufi nyeupe, ubao mweusi,
ndogo, maana sheria haikutaka ziwe kubwa,
ilitaka zisomeke:
IDWAL PROBERT. ANA LESENI YA KUUZA BIA, MVINYO
NA POMBE KALI, ZA KUNYWEWA HUMU AMA KUCHUKULIWA.
Alinilipa pauni moja na painti mbili.
Ya tatu nilipodai, akaitazama saa.
"Imepita saa nne na nusu, Emrys.
Sasa hivi hata malaika hapati."

Idwal alikata roho mwezi wa Februari,
chini kwenye mapipa, mkono mmoja ungali kwenye mfereji.
Nesta akarudi makaburini, udongo viatuni,
akawakuta wachimba makaa kumi na wawili wamevua kofia
wanangoja chai ya matanga
na kitu kidogo cha kuiamsha chai.
Wakili alishamwambia sheria ina huruma,
mjane aweza kusukuma siku mbili tatu
kwa jina la marehemu.
"Maiti hahudumii," akasema,
akafunika mabomba kwa taulo.
Cwm Onnen nzima ikalala na kiu
kama Jumapili.

Kikao kilikaa juu ya kituo cha zimamoto.
Mahakimu watatu, mmoja na kofia ya manyoya,
na mvua inayopiga bati kuliko maswali.
Una madeni? Hapana.
Umewahi kushtakiwa? Hapana.
Vipimo unavijua? Akavitaja, na adhabu zake,
na umri wa mtoto anayeruhusiwa kukaa wapi
na asiyeruhusiwa kukaa popote.
Kisha yule wa kofia, kwa sauti ya kumhurumia:
"Na mlevi akigoma kutoka, Bi. Probert,
mwanamke peke yako, utamfanyaje?"

Nesta akaivua glavu moja.
"Miaka ishirini na miwili, Mheshimiwa,
waliogoma walitolewa na nani?
Idwal alikuwa na jina.
Mikono ilikuwa hii."

Sajenti wa polisi alikohoa, akatazama dirishani.
Alimjua aliyemtoa babake.

Karatasi ikaja na muhuri, nami nikaja na ngazi.
Nikakwangua, nikapaka nyeusi,
nikangoja, nikapaka tena.
NESTA MAIR PROBERT. Mengine yote vilevile,
bia, mvinyo, pombe kali, humu ama kuchukuliwa.
Sitaficha: siku hizo mkono wangu
ulikuwa haukai sawa hadi upate cha asubuhi,
nao siku ile ulikuwa umepata,
na cha mchana pia.
N ikatoka imeegemea jirani yake
kama mtu anayejitia mzima mbele ya mkewe.
Nilishuka nikidhani nimeiona mimi tu.

Saa mbili usiku taulo zikaondolewa.
Nikawa wa kwanza kaunta, haki yangu mkononi:
pauni moja na painti mbili, kama desturi.
Pauni akanipa.
Nikamwonyesha saa: bado mapema.
Hakuitazama saa. Alinitazama mimi.
"Leseni inanikataza kumuuzia mlevi."
"Huniuzii, unanilipa."
"Hata kumlipa."
"Sijalewa, Nesta."
"Emrys," akasema polepole, wengine wasisikie,
"nimeisoma N yako."

Akaniwekea chai. Vijiko vitatu vya sukari,
kama faini.

Mvua ikinyesha siku nyingi ubao hulowa,
na chini ya rangi yangu huchungulia IDWAL,
hafifu, nyuma ya jina la mkewe,
kama mtu anayepita jikoni usiku bila kuwasha taa.
Hataki nilifute zaidi.
N nimeomba niinyooshe, mara tatu sasa,
tena bure, tena na mkono uliotulia.
Anasema niiache. Ina kazi.